Gongo liko wapi? Shajara ya mabango ya besiboli ya kale

Januari

Mradi umeanza. Tunatengeneza mabango ya kutundika kwenye korido ya maktaba ya shule, ile ambayo vijana wa timu ya besiboli huipita wakienda mazoezini. Wazo lilitoka kwa mwalimu wao wa michezo. Kila akipokea vijana wapya huulizwa mchezo huu ulitoka wapi, na majibu mepesi ya mtandaoni ni mawili. Moja linasema ulibuniwa na mwanajeshi wa Kimarekani mwaka 1839 katika mji wa Cooperstown. La pili linasema ni mtoto wa rounders, mchezo wa Uingereza. Majibu yote mawili hayasimami, na vilivyoyaangusha, jambo linalonifurahisha kuliko yote, ni vitabu vya watoto: vijitabu vya bei ndogo ambavyo wasomi wengi walikuwa wakivipita bila kuvifungua.

Mimi naandika maneno, mwenzangu mchoraji anachora upya picha za vitabu hivyo kwa ukubwa wa ukuta. Tumekubaliana kuchukua vitabu vilivyochapishwa kwa ajili ya watoto au walimu wao tu, na kuishia mwaka 1834. Tumeongeza sharti moja: mchoro wetu usiwe na kitu ambacho kitabu hakikukichora. Hilo tulilipitisha haraka, kabla ya kahawa kupoa. Sasa ndilo linalotula muda.

Januari, mwishoni

Bango la kwanza ni la Johann Amos Comenius, mwalimu kutoka Moravia. *Orbis Sensualium Pictus* kilitoka Nuremberg mwaka 1658 kwa Kilatini na Kijerumani, na mwaka uliofuata Charles Hoole akakitoa London kwa Kiingereza. Utaratibu wake ni wa kuvutia hata leo. Kila ukurasa una picha yenye namba ndogondogo, na kila namba inarudi kwenye maneno, ili mtoto ajifunze jina kwa kukitazama kitu chenyewe.

Katika sura ya michezo ya wavulana kuna wanaozungusha pia, wanaotembea kwa mironjo, wanaobembea, wanaolenga pini tisa, na mmoja anayepiga mpira kwa gongo ili upite ndani ya pete. Namba ya gongo iko palepale pembeni yake. Hakuna vituo, yaani alama za uwanjani anazokimbilia mchezaji, wala kukimbia kurudi mahali. Lakini gongo lipo, mwaka 1658, ndani ya kitabu cha kufundishia watoto.

Nimeliandika hilo kwa kalamu nyekundu kwenye jedwali letu. Safu ya kwanza ni "gongo", ya pili "vituo", ya tatu "kukimbia na kurudi". Comenius ana alama kwenye safu ya kwanza peke yake.

Februari

Mwezi huu wote ni wa John Newbery, na sioni aibu kumpa nafasi kubwa.

Newbery alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Alizaliwa 1713, akaingia London na duka la vitabu, na mwaka 1744 akatoa kitabu kidogo cha kuingia mfukoni, *A Little Pretty Pocket-Book*. Tangazo lake la gazetini la Juni mwaka huo linataja bei: peni 6 kitabu peke yake, peni 8 kikiwa na mpira kwa mvulana au kimto cha kuchomekea pini kwa msichana. Mpira na kimto vyote vilikuwa na upande mwekundu na upande mweusi. Mtoto akitenda jema, pini huchomekwa upande mwekundu. Akikosa, upande mweusi. Ndani ya kitabu kuna barua mbili, za Jack muuaji wa majitu, moja kwa mvulana na moja kwa msichana, zikieleza hesabu hiyo ya pini. Hapo ndipo unapoona akili ya biashara: kitabu, kichezeo na mlezi asiyeonekana, vyote kwa peni 8. Medali ya Newbery inayotolewa Marekani tangu 1922 kwa vitabu vya watoto ina jina lake.

Hakuna nakala ya 1744 iliyobaki duniani. Watoto walizisoma hadi zikaisha. Nakala ya zamani zaidi inayojulikana ni ya toleo la 1760, iliyoko British Library. Sisi tunafanya kazi na skani ya nakala ya Marekani ya 1787, ambayo Library of Congress ya Washington imeiweka wazi kwa kila mtu.

Ndani yake kila herufi ya alfabeti ina mchezo wake. Juu kuna picha ndogo ya kuchongwa, chini yake ubeti wa mchezo, kisha ubeti wa mafunzo. Michezo ya mpira ipo mingi: kriketi ipo, na ipo "Base-Ball", maneno mawili yameunganishwa kwa kistari. Hapa ndipo mahali pa zamani zaidi panapojulikana ambapo jina hilo limechapishwa. Si katika kumbukumbu za jeshi wala za klabu yoyote. Ni katika kitabu cha herufi.

Ubeti wake nimeufanyia kazi jioni kadhaa. Nimeacha tafsiri ya neno kwa neno nikatafuta mizani nane, maana ubeti wa watoto usioimbika hautundikwi ukutani:

*Mpira ukishapigwa,*
*Kijana mbio hutoka,*
*Hadi nguzo ilopangwa,*
*Kwa shangwe kwao afika.*

Mafunzo yaliyo chini yake yanasema kwamba ndivyo Waingereza wanavyovuka bahari kutafuta faida, kisha wakarudi kwao kwa furaha. Mchezo wa wavulana uwanjani, na papo hapo meli za biashara. Hayo ndiyo yaliyokuwa London ya 1744, na nimeamua ubeti wa pili nao uingie kwenye bango, kwa herufi ndogo.

Picha sasa. Wavulana wachache wamevaa kofia za pembe tatu, kuna nguzo za mbao zilizosimamishwa ardhini, na mmoja anajiandaa kurusha mpira. Gongo hamna.

Februari, mwishoni

Mchoraji amekuja na rasimu ya bango la 1744. Ni nzuri sana. Nguzo zimesimama vizuri, kofia zimekaa, na mvulana wa kati ameshika gongo begani kama mchezaji wa kulipwa wa Marekani.

"Dada," akaniambia kabla sijafungua mdomo, "mtoto atasimama hapa aulize gongo liko wapi. Utamjibu nini?"

Nikamwambia nitamjibu kwamba halipo. Hakuridhika. Hoja yake ni kwamba ubeti unasema mpira "ukishapigwa", na mpira haupigwi kwa hewa. Hoja ina uzito, nami nimetumia siku kuitafutia jibu badala ya kumtupia sharti letu.

Jibu langu ni hili. Mkono nao hupiga. Novemba 1748, miaka minne baada ya kitabu cha Newbery, Lady Hervey aliandika katika barua kuhusu familia ya mwana wa mfalme, Frederick, Prince of Wales. Anasema majira ya joto walichezea nje, na sasa baridi imeingia wanacheza base-ball ndani ya chumba kikubwa; akaongeza kwamba ni mchezo ambao kila aliyepitia shule akiwa mvulana anaufahamu vizuri. Chumbani, katika nyumba ya mwana wa mfalme, kwenye vioo na taa za mishumaa. Mpira mlaini uliopigwa kwa kiganja unaingia akilini. Gongo la kuzungusha mle ndani haliniingii. Na kitabu chenyewe kilipotaka kuchora gongo kilichora: kwenye ukurasa wa kriketi lipo. Mchongaji hakushindwa kuchora kipande cha mti.

Mchoraji amefuta gongo. Ameacha mkono wa mvulana umefunguka, kiganja kimeelekea mpira. Kwa macho yangu bango limekuwa bora zaidi, kwa sababu sasa linamfanya mtu asimame.

Machi

Kurasa nyingine za Newbery, upesi.

Stool-ball, ambao kwenye jedwali nauita mpira wa kigoda: mmoja anarusha akilenga kigoda, mwingine anakilinda. Ubeti unamwonyesha mchezaji akizunguka mbio baada ya mpira kupigwa, asije akanyang'anywa kigoda chake. Mafunzo ya chini yanasema umpe sadaka kila mwenye shida unayemwona. Nimejaribu kutafuta uhusiano wa kigoda na sadaka nikaacha. Nadhani Newbery alikuwa na fungu la mafunzo tayari na alikuwa akigawa kadiri ya nafasi iliyobaki kwenye ukurasa.

Trap-ball, mpira wa mtego: kuna kifaa cha mbao chenye kijiko kinachocheza kwenye mhimili. Mpira unawekwa upande mmoja, unagonga upande wa pili, mpira unaruka juu, nawe unaupiga kwa gongo kabla haujatua. Ukidakwa, umetoka. Hapa mafunzo yanaoana na mchezo: kijana, jiepushe na kila mtego uliotegwa kukuingiza kwenye huzuni.

Tip-cat hauna mpira kabisa, una kipande cha mti kilichochongwa ncha mbili, kinaitwa paka. Unakigonga ncha kirukie juu, kisha unakichapa. Tumeuacha nje ya mabango, ingawa mchoraji amesikitika kwa sababu alishaanza kumchora paka halisi.

Jedwali linasema kitu sasa. Mtego una gongo lakini hauna vituo. Base-ball ina vituo na kukimbia, haina gongo. Kriketi ina gongo na mbio, lakini ni mbio za kwenda na kurudi kati ya ncha mbili. Viungo vyote vya besiboli vimo ndani ya kijitabu kimoja cha peni 6, kila kimoja kwenye ukurasa wake.

Machi, mwishoni

Leo nimeandika bango ambalo halina mchezo. Linahusu vibao.

Picha ya kuchongwa kwenye ubao huchapishwa pamoja na herufi za risasi kwa mara moja, kwa sababu zote mbili zimeinuka. Picha ya sahani ya shaba inahitaji mashine nyingine na mkono mwingine. Kwa hiyo kitabu cha bei ndogo kilitumia ubao. Ubao ukishachongwa unakaa miaka mingi, unauzwa, unaazimwa, unarithiwa, na mchapaji aliye ng'ambo ya bahari anaweza kuchonga wake kwa kuangalia ukurasa uliochapwa. Hugh Gaine alichapisha kitabu cha Newbery New York mwaka 1762. Isaiah Thomas akakichapisha Worcester, Massachusetts, mwaka 1787. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuomba ruhusa: hata sheria ya Marekani ya hakimiliki ya 1790 ilipokuja iliwalinda raia na wakazi wa nchi hiyo tu, na waandishi wa nje walisubiri hadi 1891.

Kwa nini nalipigia kelele? Kwa sababu mtu akiona picha ya base-ball kwenye kitabu cha Massachusetts cha 1787 atasema watoto wa Massachusetts walikuwa wakicheza hivyo mwaka huo. Labda walikuwa wakicheza. Picha haithibitishi, kwani ilivuka bahari peke yake. Ushahidi wa uwanjani unatoka kwingine, na kwa bahati nzuri upo: mwaka 1791 mji wa Pittsfield, uliopo jimbo hilohilo, ulipiga marufuku michezo ya mpira ndani ya yadi 80 kutoka jengo jipya la mikutano, na kati ya michezo iliyotajwa kwa jina imo baseball. Madirisha yaliwauma. Sheria hiyo ilikaa kwenye makaratasi ya mji hadi mwanahistoria John Thorn alipoitangaza mwaka 2004.

Kwa wanaofanya kazi kama hii, kriketi ina alama moja ya kusaidia. Wiketi ya zamani, yaani shabaha ya mrushaji, ilikuwa na vijiti viwili vilivyosimama. Cha tatu kiliongezwa baada ya 1775. Ukikutana na vijiti viwili kwenye kitabu kilichochapwa muda mrefu baada ya hapo, jiulize kibao kilichongwa lini, na kwa kuangalia nini.

Aprili

Ujerumani. Johann Christoph Friedrich GutsMuths alikuwa mwalimu katika shule ya Schnepfenthal, Thuringia, na ni miongoni mwa watu wa kwanza Ulaya kulifanya zoezi la mwili kuwa somo kama hesabu. Mwaka 1796 akatoa kitabu cha michezo ya vijana, na ndani yake akaeleza "mpira wenye vituo vya usalama, au base-ball ya Kiingereza". Hizi ndizo sheria za zamani zaidi za mchezo huo zinazojulikana kuchapishwa. Hazikuandikwa kwa Kiingereza, wala hakuziandika Mwingereza.

Kwa mchapaji wa London mchezo ulikuwa kisingizio cha ubeti. Kwa GutsMuths mchezo ni mashine, anataka kujua kila gurudumu linazungukaje. Anasema mpigaji ana nafasi tatu za kuupiga mpira. Anasema mtu mmoja akitoka, upande mzima umetoka na zamu imehama. Na anasema mpigaji ameshika gongo.

Hapo safu zote tatu za jedwali zinapata alama kwenye mstari mmoja kwa mara ya kwanza. Nilimpigia simu mchoraji. Alichosema ni "Aa! Sasa naweza kuchora," akakata.

Bango hili halina picha ya kale ya kufuata, kwa hiyo ndilo atakalochora kutokana na maneno. Tumekubaliana liandikwe wazi chini kuwa mchoro ni wetu.

Aprili, baadaye

Paris, karibu 1810: *Les Jeux des jeunes garçons*. Kuna mchezo wa mpira wenye sumu, timu mbili za watu wanane hadi kumi, vituo vinne kimojawapo kikiwa cha nyumbani, na mpira ukidakwa hewani mpigaji anatoka. Bango fupi. Jina la mchezo litafanya kazi yote, maana hakuna mtoto atakayeupita mpira wenye sumu bila kusoma.

Mei

William Clarke, London, 1828, *The Boy's Own Book*. Kitabu kinene cha kila kitu ambacho mvulana mwenye wazazi wenye fedha angetaka kujua. Toleo la pili la mwaka huo ndilo lenye rounders. Mawe au nguzo nne, umbali wa yadi 12 hadi 20 kutoka moja hadi nyingine. Mrushaji anarusha, mpigaji ana gongo, anakimbia kituo hadi kituo. Clarke anasema mchezo unapendwa hasa magharibi mwa Uingereza, na kwamba wavulana wa London wana mwingine unaofanana nao uitwao Feeder.

Mkimbiaji alitolewaje? Kwa kupigwa na mpira mwenyewe. Unamlenga akiwa njiani, ukimpata ametoka. Wasichana wa timu walipoisikia hii walicheka, wakasema kumbe ni rede. Kwa kipengele hicho ni kweli kabisa: yule wa katikati anayekwepa mpira wa pande mbili angejisikia nyumbani mbele ya mrushaji wa 1828. Besiboli ya leo imekataza kumpiga mkimbiaji kwa mpira, na mpira nao ukawa mgumu. Mambo hayo mawili yanategemeana.

Kitabu cha Clarke kilichapishwa Boston mwaka 1829. Mwaka 1834, katika mji huohuo, Robin Carver akatoa *The Book of Sports*. Fungua Clarke upande mmoja na Carver upande wa pili usome sheria za mchezo wa vituo. Ni maneno yaleyale, na yadi ni zilezile 12 hadi 20. Kilichobadilika ni kichwa cha habari: rounders imefutwa, pameandikwa "Base, or Goal Ball". Carver ameweka na picha ya wavulana wakicheza kwenye uwanja wa wazi wa Boston Common.

Nimeshasema kwamba vibao vinasafiri peke yake. Maneno nayo husafiri. Lakini tazama alichofanya Carver. Alikuwa na maelezo ya Kiingereza mkononi, akawa na watoto wa Boston mbele ya macho yake, akaona kwamba hao watoto wanacheza kitu kinachofanana na maelezo lakini wanakiita jina jingine. Akachukua maelezo ya mmoja na jina la wengine. Huo ni uvivu wa mwandishi, ndiyo, lakini ndani ya uvivu huo kuna ushahidi: jina lilikuwa limeshakaa Boston kabla yake.

Juni

Bango ambalo mwalimu wa michezo alilisubiri, la yale majibu mawili ya mtandaoni.

Mwaka 1905 iliundwa tume ya kuamua asili ya besiboli, ikajulikana kwa jina la Mills. Nyuma yake alikuwepo Albert Spalding, mchezaji wa zamani aliyegeuka mfanyabiashara wa vifaa vya michezo, ambaye hakutaka kusikia kwamba mchezo wa taifa la Marekani una mzazi wa Kiingereza. Mpinzani wake alikuwa Henry Chadwick, mwandishi wa michezo aliyezaliwa Exeter, Uingereza, aliyekuwa akishikilia kwamba besiboli imetokana na rounders aliyoicheza utotoni. Ikaja barua ya mzee mmoja, Abner Graves, akidai anakumbuka Abner Doubleday, yule mwanajeshi, akiubuni mchezo Cooperstown. Tume ikamaliza kazi mwishoni mwa 1907 na hukumu ikampa Doubleday, mwaka 1839. Doubleday alikuwa amekufa tangu 1893 na hakuwahi kudai jambo hilo. Mwaka 1839 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point.

Jumba la kumbukumbu la besiboli likafunguliwa Cooperstown Juni 1939, kusherehekea miaka mia. Mwaka huohuo mkutubi wa New York Public Library, Robert W. Henderson, akachapisha makala yake. Hoja yake nzima ilisimama juu ya Clarke na Carver, kurasa zilezile tulizozifungua mwezi uliopita. Ikiwa sheria za mchezo zilichapwa Boston mwaka 1834, hakuna mtu aliyeweza kuubuni mwaka 1839. Nakala mbili za vitabu vya watoto ziliwekwa pembeni ya jumba jipya la kumbukumbu, na jumba likabaki na hadithi tu.

Kwa muda mrefu watu waliona Henderson amemaliza kazi, na kwamba Chadwick alikuwa sahihi: rounders ndiyo mzazi. Hapo ndipo David Block, mtafiti wa historia ya besiboli, alipoingia na kitabu chake cha 2005. Aliuliza swali ambalo linaonekana la kitoto. Jina rounders limeanza kuchapishwa lini? Mwaka 1828, kwa Clarke. Jina base-ball? 1744, kwa Newbery. Basi mzazi amezaliwa, kwenye karatasi, zaidi ya miaka 80 baada ya mtoto. Besiboli haikushuka kutoka rounders. Zote mbili ni ndugu, na base-ball ya Kiingereza ndiyo ndugu mkubwa.

Mwalimu alipolisoma bango alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama hiyo ina maana mchezo bado ni wa Waingereza. Nikamwambia ndiyo, kwa chimbuko. Walichokifanya Wamarekani baadaye ni kingine, na kina historia yake. Mabango yetu yanaishia 1834. Akasema vijana wake hawatajali sana ni wa nani, mradi timu ya Lugazi ya Uganda ilifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika kwenye mashindano yale ya dunia ya watoto. Ameomba hilo liandikwe mahali. Nimelikatalia bango, nimelikubalia kadi ndogo mlangoni.

Juni, mwishoni

Kapteni wa timu ya wasichana amepita kwenye rasimu zote na kusema, "Mbona hatumo?"

Ni kweli. Kwenye picha zote ni wavulana. Newbery aliuza mpira kwa mvulana na kimto cha pini kwa msichana, na vitabu vya Clarke na Carver vimeandikwa waziwazi kwa wavulana. Mtu akisoma vitabu vya watoto peke yake ataamini uwanja ulikuwa wa kiume tangu mwanzo.

Ndiyo maana nimeomba ruhusa ya kuvunja sharti mara moja na kuleta karatasi mbili zisizo za watoto. Ya kwanza ni shajara ya William Bray, kijana wa Surrey aliyekuja kuwa mwanasheria na mwanahistoria. Jumatatu ya Pasaka, 31 Machi 1755, aliandika kwamba baada ya chakula alikwenda nyumbani kwa Miss Seale kucheza base ball. Akaorodhesha waliocheza, na wengi wao ni wasichana. Wakanywa chai, wakakaa hadi saa mbili usiku. Shajara hiyo ilitambuliwa mwaka 2008 tu. Ya pili ni riwaya ya Jane Austen, *Northanger Abbey*, iliyotolewa mwishoni mwa 1817 ingawa aliianza karibu miaka ishirini kabla: Catherine Morland, akiwa na miaka 14, alipenda kriketi, base ball na kukimbiakimbia mashambani kuliko vitabu.

Kwa hiyo waliokuwa uwanjani walikuwa mchanganyiko, na vitabu viliwachuja. Nimeweka bango hili katikati ya korido, kati ya 1744 na 1796, si mwishoni kama nyongeza. Mchoraji amechora kikombe cha chai juu ya nguzo ya kituo. Kitabu hakikukichora, lakini hapa hakuna kitabu cha watoto cha kufuata, basi nimemwachia.

Julai

Mabango yote yamechapwa isipokuwa la 1796, ambalo rangi ya nyasi imetoka samawati. Mchapaji analirudia.

Wakati tunasubiri, mwalimu aliwapeleka vijana uwanjani kujaribu sheria za zamani. Vituo viliwekwa mita 11 hadi 18, ndiyo zile yadi za Clarke, na kwa mchezaji aliyezoea mita 27 za leo uwanja ulionekana mdogo kupita kiasi. Mpira ulikuwa wa tenisi, maana kulengana kumeruhusiwa. Raundi ya kwanza walipiga kwa kiganja, ya pili kwa gongo fupi la mbao. Kwa kiganja mpira haufiki mbali, kwa hiyo kila mtu yuko karibu, kila mtu anadaka, na mchezo unakwenda kasi ajabu. Gongo lilipoingia wadakaji walitawanyika, na wale wa pembeni wakaanza kuzungumza mambo yao.

Sheria ya GutsMuths ya mtu mmoja kutoka na upande mzima kutoka ndiyo iliyozua zogo. Mdogo wa timu alipigwa na mpira mgongoni kwenye kituo cha pili, na wakubwa waliokuwa wakisubiri zamu wakaona zamu yao imekwenda naye. Kapteni anataka sheria hiyo iandikwe kwa herufi kubwa kwenye bango linalorudiwa, ili wageni wasije wakadhani ni ubabe wake. Nimeshamtumia mchapaji maneno mapya.

Zilizobaki ni skrubu za ukutani, kadi ya Lugazi, na kukubaliana na mkutubi kuhusu kimo, kwa sababu ametaka mabango yawe juu wasiyaguse, nami nayataka yafike usawa wa macho ya mtoto wa darasa la nne.